Kikohozi cha Chumba cha Juu

Fundi wa mabomba anayeitwa Kimya hakuonewa kupewa jina hilo. Mkewe husema alimchumbia kwa kutikisa kichwa. Sasa mtu wa namna hiyo mpe mama mkwe wa kuishi naye nyumba moja, uone mateso.

Mama mkwe alikuja kulea mjukuu alipozaliwa. Mjukuu sasa anapanda juu ya kabati, na bibi bado yupo. Muda wote huo maongezi ya wale wawili yalikuwa "Shikamoo, mama" na "Marahaba, baba," basi. Wakikutana kwenye korido, Kimya alijibana ukutani kama ubao wa kupigia pasi, mama akapita akitazama dari. Hawakuwahi kugombana. Heshima tu ilikuwa imewakaba koo.

Kilichowafungua midomo ni tamthilia ya upelelezi, Chumba cha Juu. Waliitazama kila mmoja kwenye pembe yake ya sebule, hakuna anayemwangalia mwenzake, mpaka jioni moja umeme ukakatika inspekta akiwa ndiyo kwanza anainua kifuniko cha sanduku. Gizani mama mkwe akajisahau: "Mpishi huyo! Mpishi ndiye muuaji!" Na Kimya, ambaye kumbe gizani ni mtu mwingine, akajibu, "Mpishi hana ufunguo, mama." Umeme uliporudi walikuwa bado wanabishana, na mke wa Kimya kasimama mlangoni na sahani mkononi, kaduwaa.

Tangu hapo maneno hayakuisha. Msimu wa pili ulifungwa inspekta akiwa ameshika kitasa cha chumba cha juu, na ndani mtu akakohoa. Koh! Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Watengenezaji wa tamthilia hawana utu. Wakawaacha watu na kikohozi hicho miaka miwili. Kimya alishikilia kwamba ni mtunza bustani, maana mtu anayeshinda na mbolea lazima kifua kimsumbue. Mama mkwe alisema ni mjane wa jirani. "Kikohozi cha mwanamke mwenye siri nakijua, baba. Nimekua na dada zangu." Wakawa wanakohoa jikoni, wanakohoa uani, kila mmoja akimwonyesha mwenzake, hadi mama wa nyumba ya pili akawaletea dawa ya kifua.

Tangazo la msimu mpya lilipotoka, mama mkwe akaweka sharti. "Mkwe, tunaangalia pamoja. Atakayemtangulia mwenzake, tusijuane."

Kimya alicheka kwa mdomo tu. Kutojuana alikufahamu: ni kurudi kwenye shikamoo, marahaba na korido. Na tuseme ukweli, ule ubishi alikuwa ameupenda kuliko tamthilia yenyewe.

Asubuhi ya siku yenyewe akaitwa kuzibua sinki kwa bibi mmoja mwenye uwezo, wale wanaolipia kuona mambo kabla ya wenzao. Kimya yuko chali, kichwa ndani ya kabati, bomba limefunguliwa na maji anayazuia kwa kiganja, mara akasikia muziki wa Chumba cha Juu kutoka sebuleni. Akaanza kuimba ili asisikie. Akagonga bomba kwa spana. Akaimba na kugonga kwa pamoja.

"Fundi, utapitwa, na hapa ndipo penyewe!" mwenye nyumba akamwita kwa huruma. "Ngoja nikuongezee sauti."

Akaongeza. Kitasa kikalia, mlango ukafunguka, koh! Kisha sauti ya inspekta: "Shangazi? Si tulikuzika?"

Kimya aliinuka ghafla, akaacha nusu ya paji la uso wake kwenye mlango wa kabati. Shangazi! Aliyezikwa msimu wa kwanza, tena kwa machozi ya mama mkwe mwenyewe.

Njia nzima ya kurudi alifanya mazoezi ya kushtuka, akijitazama kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa. Mwenye gari mmoja akamuuliza kama anahitaji maji.

Jioni wakakaa. Mama mkwe alikuwa na leso yake mapema, wala hakuuliza kuhusu nundu iliyokuwa usoni kwa Kimya. Inspekta akakishika kitasa. Kimya alikuwa na hofu moja tu, ya kuchelewa kushtuka. Basi akashtuka. "Jamani, shangazi!" akapiga kelele, mikono kichwani.

Shida ni kwamba mlango ulikuwa bado haujafunguliwa. Na shida ya pili, sauti zilikuwa mbili. "Uwiii, shangazi!" mama mkwe naye alikuwa amelia, leso mdomoni.

"Shangazi gani?" mke wa Kimya akauliza. "Mbona mlango umefungwa?"

Za mwizi ni arobaini, lakini hawa hawakufikisha hata mbili. Shangazi akatoka, akakohoa, na sebuleni hakuna aliyemshtukia.

"Nilikwenda kurudisha ile chupa ya dawa ya kifua," mama mkwe akasema, akitazama dari. "Kwa mama wa nyumba ya pili kulikuwa wazi, naye kumbe huangalia mapema. Nikachungulia."

"Mimi nilikuwa chini ya sinki, mama."

"Haya, baba."

Wakatazama mpaka mwisho, kila mmoja kwenye pembe yake. Kimya akaenda kulala na uzito kifuani, maana ile "haya, baba" aliitambua. Ilikuwa ni ya korido. Asubuhi alipoisikia miguu ya mama mkwe, mgongo ukajibana ukutani wenyewe.

Mama mkwe hakupita. "Mkwe, bomba la jikoni linavuja."

Kimya akachukua mkoba wa vifaa, akajilaza chini ya sinki. Akapapasa huku na huku. Bomba lilikuwa kavu kabisa. Alikuwa amelibadilisha mwenyewe juzijuzi. Akachungulia nje ya kabati, akaona mama mkwe amevuta kigoda na kukaa karibu na miguu yake.

Akachukua spana, akalifungua bomba zima.

"Limeharibika vibaya, mama," akasema. "Litachukua muda."

"Chukua muda wako, baba. Sasa niambie, kama shangazi yupo, kwenye lile kaburi tulimzika nani?"

"Mtunza bustani."

"Huna akili, mkwe," mama mkwe akasema kwa furaha, na kigoda kikasogea mbele.