Kigoda cha Mama Mlangoni mwa Kanisa

Harufu ya maganda ya kahawa yanayochacha haipendwi na wageni. Mgeni akifika Mbozi wakati wa mavuno huziba pua na kuuliza ni kitu gani kimeoza. Sisi tuliozaliwa upande wa Igamba hatuulizi. Kwetu harufu hiyo, tamu kidogo na chachu kidogo, ilikuwa ndiyo mwezi wa Juni wenyewe: baridi ya asubuhi inayouma masikio, vidole vinavyonata, mashine ya kumenyea ikikwaruza uani, na mama ameketi kwenye kigoda chake cha miguu mitatu kando ya chanja tulipoanikia kahawa, akichambua punje mbovu na kuzitupa bila kutazama zinakoangukia. Nikiinusa leo, hasira hunipanda kwanza, furaha hufuata nyuma. Nitaeleza kwa nini, ila nitaeleza kwa mwendo wangu, maana jambo lenyewe lilinichukua miaka mingi kulielewa.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, na kaka yangu Ezekia, aliyenizidi miaka kumi, akalishika jembe lake kabla hajaota ndevu. Kijiji chetu kilikuwa cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mistari, shamba la kijiji upande wa chini, kanisa upande wa juu, na katikati trekta moja lililoheshimiwa kuliko wazee wengi. Ezekia alikuwa mgambo. Vita ilipozuka kule Kagera, tuliisikia kwenye redio ya balozi wetu wa nyumba kumi, na kila mtu akajifunza kumwita adui nduli. Mimi nilikuwa darasa la nne. Nilimwuliza mwalimu Kagera ni mbali kiasi gani, akanionyesha kwenye ramani: wao juu kona ile, sisi chini kona hii. Nikaridhika, nikajua vita haiwezi kutembea umbali wote huo. Kumbe vita haina haja ya kutembea, hutuma lori. Lilipokuja kuchukua vijana, Ezekia alipanda akicheka, amevaa sweta la kijani alilofumiwa na mama. Akaniambia mti wake wa kahawa ulio karibu na choo niutunze mwenyewe. "Na usichume mbichi," alisema. "Ukichuma mbichi nitajua."

Barua ilikuja wakati watu wamekwisha kushangilia ushindi na kahawa imeanza kuiva. Katibu wa kijiji aliisoma akiwa amesimama uani kwetu, kofia mkononi. Ezekia alikuwa ameuawa vitani na amezikwa huko huko. Hatukupewa hata lile sweta. Mama alimwomba katibu aisome tena, akaisoma, kisha akamshukuru, akaingia ndani, na ndipo niliposikia sauti ambayo sikujua kwamba mama anayo.

Watu walijaa. Kwa watu wetu, nyumba ikifiwa wakati wa mavuno, majirani huja na mikeka na vikapu pia. Wengine hukaa na wafiwa, wengine huingia shambani kuchuma, ili kahawa isiozee mtini kwa sababu wenyewe wanalia. Walikuja, walichuma, walimenya. Na kila aliyeinama kumshika mama mkono alimwambia sentensi ile ile: "Pole, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Msemo huo kila msiba wa nchi hii unaujua. Wenye kujiona wana busara zaidi waliongeza kwamba kifo cha wengi ni harusi, na kwamba vijana waliokufa kule walikuwa wengi. Harusi! Hadi leo sijaiona harusi iliyokuwamo uani mwetu. Mama aliyapokea maneno hayo siku mbili. Siku ya tatu Mzee Yotamu, mzee wa kanisa letu, mtu aliyevaa koti hata jua likiwaka, alisimama kufunga kwa maombi, akaanza na sentensi hiyo hiyo.

"Baba, ngoja," mama alisema kutoka mkekani. "Mungu ana bunduki?"

Hata mashine ya kumenyea ilisimama.

"Nauliza tu. Mwanangu kauawa kwa risasi. Risasi ina aliyeipiga, na aliyeipiga ana aliyemtuma. Msimsingizie Mungu kazi ya watu. Atakayelisema tena neno hilo hapa kwangu, njia ni ile pale."

"Binti yangu," Mzee Yotamu alisema polepole, "huo ni uchungu unaosema."

"Ni uchungu, ndiyo, baba. Na ni kweli."

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa wiki hiyo hiyo. Likaamua kwamba mama asimame mbele ya usharika atubu, la sivyo atengwe na meza ya Bwana na kwaya ya akina mama, ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiianzishia nyimbo. Mama akasema hatatubu kwa kumtetea Mungu. Basi akatengwa. Anayedhani kutengwa ni jambo la Jumapili tu hajaishi kijijini. Hakuna aliyetutukana. Watu walitusalimia kama kawaida, ila macho yao yalikuwa yanatazama nani anawaona wakitusalimia. Vikapu vikapungua shambani kwetu, vikaisha. Tulibaki mimi na mama, na kahawa haijui kusubiri. Ilitoka nyekundu ikawa nyeusi, ikaanza kudondoka, nami nilikuwa nikitembea asubuhi juu ya jasho letu la mwaka mzima. Shuleni wasichana wenzangu walinikimbia kwenye kuruka kamba. Nilimkasirikia mama, tena sana, sifichi.

"Mama, sema tu yaishe," nilimwambia siku moja, mikono imenichubuka. "Mungu si anajua moyoni humaanishi?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu barua. "Kwa hiyo unataka nimdanganye Mungu mbele ya Mungu?"

Na kanisani hakuacha kwenda. Jumapili ya kwanza alibeba kigoda chake cha kuchambulia kahawa, akakiweka mlangoni, nje kidogo ya kizingiti, akaketi. Mzee Yotamu alimwambia anaweza kukaa benchi la nyuma kama watengwa wengine. Mama akamjibu kwamba pale alipo anasikia vizuri. Walipoimba aliimba, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya aliyewekwa badala yake, kwaya ilijikuta ikimfuata yeye kutoka mlangoni. Mimi nilikuwa ndani na watoto wenzangu, nikitazama sakafu. Ilikuwa hivyo Jumapili tatu.

Jumapili ya nne ilikuwa ya meza ya Bwana, na mchungaji alikuja kutoka mbali. Kabla hajaanza, mama aliinuka, akavuka kizingiti, akasema, "Nimekuja kutubu." Nilisikia benchi zima la wazee likipumua. Mimi mwenyewe nilifurahi, nikawaza vikapu.

"Neno lile nililipokea mume wangu alipokufa," mama alisema. "Halafu na mimi nikaligawa. Mama Rehema, upo?" Mama Rehema alikuwa jirani yetu, mwanamke mpole aliyefiwa na mwanawe wa pili, Tumaini, miaka mitatu nyuma. "Tumaini alipougua surua, trekta la kijiji lilikuwepo na mafuta yalikuwemo. Likapeleka watu kwenye mkutano. Wewe ukambeba mtoto mgongoni kwenda hospitali kwa miguu, akakufia njiani. Mimi nilikuja kwako na unga wa ulezi, nikakuambia kazi ya Mungu haina makosa. Nilijua habari ya trekta. Sote humu tulijua. Nikamtwika Mungu ili nisigombane na watu. Dhambi yangu ni hiyo, sina nyingine ya kutubu leo. Unisamehe wewe, na Mungu naye anisamehe."

Mzee Yotamu alikuwa mmoja wa kamati iliyoamua safari ya trekta siku ile. Aliishika Biblia yake kwa mikono miwili, akalitazama jalada. Mama Rehema alisimama kana kwamba anataka kujibu, lakini badala ya neno kilimtoka kilio, kilio cha miaka mitatu alichokatazwa kwa heshima na maneno mazuri. Wanawake wakaacha nafasi zao, wakamzunguka. Mchungaji, maskini, alituomba tuimbe wimbo wowote. Hakuna aliyeimba. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile wazazi wote walikuwa na kazi nyingine, ya kulia naye.

Mama hakurudishwa mezani siku hiyo. Alirudishwa mwaka uliofuata, bila maelezo, kama mtu aliyekuwa safarini. Lakini Jumatatu asubuhi Mama Rehema alikuja na kikapu, na nyuma yake wakaja wengine. Jumatano alikuja mke wa Mzee Yotamu na binti zake wawili, wakachuma hadi jioni, na yeye mwenyewe alianzia moja kwa moja kwenye ule mti wa Ezekia ulio karibu na choo. Nilisimama naye pale. Nikamwambia asichume mbichi, akaniitikia, "Sawa, mama."

Siku hizi naishi Tunduma, mwalimu mstaafu, na dirisha langu linatazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mama amekwisha kwenda, akiwa anasali kila jioni hadi mwisho. Alikuwa akisema yeye na Mungu hawajawahi kuwa pande mbili. Misiba sasa hutangazwa kwenye simu, na sentensi ile huja haraka kuliko zamani, mtu anaituma huku anakula. Mwaka jana lori lilikosa breki mteremkoni, likamuua Saidi, mtoto wa jirani yangu Mama Zainabu, mwanamke mfanyabiashara aliyetoka Kondoa. Mtaa mzima ulijua habari ya breki hizo, maana dereva alikuwa amemlalamikia mwenye lori mara mbili, na kijiweni alikuwa anasema wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ila huyu aliyepuuza ufa si yeye aliyeangukiwa. Nilikaa mkekani na wanawake. Shehe aliomba dua, akasema sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, nami nikaitikia kwa moyo wote, kwa kuwa hilo ni kweli. Kisha akaja mtu aliyetumwa na mwenye lori, na gunia la mchele. Akaliweka chini, akajifuta mikono, akasema kazi ya Mungu haina makosa.

Nina umri wa kunyamaza. Nina shinikizo la damu pia. Lakini nilisikia harufu ya kahawa, pale Tunduma penye moshi wa dizeli, naapa niliisikia.

"Mwanangu," nilimwuliza, "Mungu ana lori?"

Akalitazama gunia lake. Mama Zainabu, ambaye hakuwa amenyanyua uso tangu asubuhi, aliunyanyua, akanitazama. "Alijua," alisema. "Mwenye lori alijua breki hazipo."

Matanga yalipoisha tulikwenda wawili kwenye geti la yadi ya yule mwenye lori, ili atoke atuambie kwa kinywa chake kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mlinzi akasema bosi ana shughuli, hapokei wageni, na viti hakuna. Nikamwambia asijali kuhusu viti. Nikakishusha begani kigoda cha mama, kile kile cha miguu mitatu, nikakiweka pale pale mlangoni, nikamkalisha Mama Zainabu.