Glasi ya Kwanza ya Mzee Deogratias

Hapa Somanda, mjini Bariadi, ukiulizia divai nyekundu, hata bodaboda hana haja ya kuelekezwa: anakupeleka moja kwa moja kwa Mzee Deogratias. Mgogo huyu wa Dodoma aliletwa huku kikazi, bwana shamba, akaja na pingili za mizabibu ndani ya gunia. Wasukuma wakamcheka: huku ni pamba na ng'ombe, bwana! Leo waliocheka wako wapi? Divai yake inateremka taratibu, haikwaruzi koo, na ukiinua glasi juani utaitazama kwanza kabla ya kunywa. Haongezi sukari wala rangi. Mchuzi wa zabibu unachacha pamoja na maganda yake, nayo hushindiliwa kwa mti asubuhi na jioni, hata kukiwa na msiba.

Mkono unaoshindilia ni wa Yusta, mkwe wake, binti wa wauza samaki wa Lamadi. Miaka kumi hiyo, na hakuna anayemtaja. Pipa likiiva, mzee humwita yeye tu alete glasi ya kwanza. Yusta huchota, hunusa, hupiga magoti na kumpa. Mzee huonja akimtazama usoni, kisha hutamka: imeiva, au bado. Jambo hilo lilimuuma Yusta. Kazi afanye yeye, sifa apewe mzee!

Mwaka huu zabibu zilizidi mapipa. Gregory, mumewe, akaazima pipa kwa wakwe zake Lamadi, akalisugua kwa sabuni na jivu mara tatu. Jamani, lilikuwa pipa la dagaa!

Asubuhi ya kuonja akaja Elia, mnunuzi wa hoteli ya watalii, mgeni waliyemsubiri mwaka mzima. Yusta akachota, akanusa. Dagaa. Kwa mbali, lakini dagaa. Akisema, anamkosea adabu baba mkwe mbele ya mgeni, na pipa lenyewe limetoka kwao. Akinyamaza, jina la nyumba linakwenda na maji. Akapiga magoti, akanyoosha glasi, vidole vikakataa kuiachia.

"Baba, usinywe. Imeharibika. Ni lile pipa la kwetu."

Gregory akainamisha kichwa. Mzee hakuigusa glasi.

"Mkwe wangu ameshasema," akamwambia Elia. "Hii tunamwaga. Twende kwenye pipa la pili."

"Lakini mzee, hata hujaonja!" Elia akashangaa.

"Nionje nini, mwanangu? Pua yangu ilikufa na yale mafua makali, mwaka wa tatu huu. Hata ulimi hausikii kitu. Divai zote mlizosifu tangu hapo, nilikuwa nasoma uso wa huyu."

Yusta machozi yakamtoka palepale chini. Mzee akasimama, akamvutia kiti chake mwenyewe.

"Inuka, mama, ukae," akasema. Kisha akaenda mwenyewe kwenye pipa la pili, akachota, akamletea Yusta glasi ya kwanza.