Maua Yaliyomtangulia Mikayi

Nilipokuwa mtoto, wa umri ule wa kumbeba mdogo wangu mgongoni, niliamini ua linaweza kuua mtu. Ilikuwa miaka ya themanini, kwetu karibu na Ahero. Nyanya, mamake mama, alikuja kututembelea na mbegu kwenye fundo la leso. Ni za ua la porini, lile refu la rangi ya chungwa ambalo ndege huja kufyonza. Kwao Nyakach linaota ovyo kwenye mawe.

"Panda mlangoni," alimwambia mama. "Ukikumbuka nyumbani usilie. Angalia."

Mama akapanda siku hiyo hiyo. Shida ni kwamba alikuwa mke wa pili, na Mikayi, mke mkubwa wa baba, alikuwa bado hajapanda msimu ule. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa kupanda. Akitangulia, chira, ile laana ya kuvunja mwiko, inaingia, mtoto anakonda mpaka anaisha. Mama alidhani hiyo ni sheria ya mahindi. Maua nani anakula?

Mbegu zikaota. Mdogo wangu naye akashikwa na homa, akakataa ziwa. Dawa ya zahanati haikusaidia. Majirani wakaanza kutazama mlango wetu.

Asubuhi moja Mikayi akaja na jembe begani.

"Nyar Nyakach," akamwita mama kwa jina la kwao, "umepanda nini hapa?"

"Ni maua tu, Mikayi."

"Maua hayana mbegu?"

Mama akamhamisha mtoto begani.

"Nani alikupa?"

"Mama."

Mikayi akashusha jembe. "Mimi nilipoolewa nilipewa jembe. Ua hakuna aliyenipa." Kisha akasema, "Ng'oa. Mbegu zilizobaki leta."

Mama akampa zote. Mikayi akapanda mlangoni kwake, halafu akamrudishia nusu. "Sasa panda zako. Na huyo mtoto mpeleke hospitali kubwa Kisumu. Umesimama hapa unangoja nini?"

Kama alipona kwa sindano au kwa mbegu, sijui. Leo ana kitambi. Chira ikija haitajua ianzie wapi.

Lakini nilimwona Mikayi, mwanamke mkali vile, akibeba maji kichwani kumwagilia kitu kisicholiwa.

Sasa nina wakwe wawili, wake za wanangu. Mbegu za ua lile zikikauka, naanza kumpa mkubwa. Mdogo hununa, na mimi namwacha anune. Si kwa ajili ya chira. Mkubwa naye alitoka kwao, kama Mikayi, na hukumbuka nyumbani.