Nani Alimwambia Aruke?

Alfajiri, meli imeshaanza kujitenga na gati, na Nanga anaifuata kwa magongo, huku anafoka.

"Shemeji! Ndiyo unaondoka hivihivi?"

Juu ya sitaha, serehangi, mkuu wa mabaharia, anajifanya anakunja kamba. Ni kaka wa mke wa Nanga.

Nanga, wenzake walimpa jina hilo kwa uzito wake, amefanya ubaharia miaka zaidi ya ishirini. Mwaka jana, meli ikifunga gatini, mpokea kamba wa nchi kavu alichelewa. Serehangi akapiga ukelele: "Ruka ukaishike!" Melini amri haiulizwi mara mbili. Akaruka. Kamba ikakaza, ikamsaga mguu kwenye nguzo.

Kosa alilifanya baadaye. Karani wa kampuni alipomuuliza nani alimtuma, akajibu, "Niliruka mwenyewe." Baharia hamchongei mwenzake, sembuse shemeji.

Basi kampuni ikasema hakutumwa, na tena aliumia nchi kavu. Bandari nayo ikasema si mtu wao.

"Mguu wangu umekuwa mpira," anasema. "Huyu anampasia yule, na anayechechemea ni mimi."

Wakili wa chama cha mabaharia amechoka kueleza. "Mimi siulizi unyayo ulikuwa wapi. Nauliza alikuwa kwenye kazi ya nani, kwa amri ya nani. Nileteeni shahidi."

Shahidi ndiye huyo anayeondoka, na simu hapokei.

Mke wa Nanga anafika ukingoni mbio, khanga begani.

"Kaka! Nani alimwambia mume wangu aruke?"

Mabaharia wote wanageuka.

"Mimi!" sauti inarudi juu ya ngurumo ya injini. "Nilimwambia mimi! Haya, umeridhika?"

"Kumbe sauti unayo!" Nanga anafoka. "Mwaka mzima ulikuwa umeimeza?"

Serehangi aliporudi alitoa ushahidi. Safari iliyofuata hakupangiwa. Sasa anapaka rangi mashua za watu. Dada yake haongei naye, ila chakula anampelekea. Kampuni imekubali kulipa fidia, na bado haijalipa. Karani amehamishwa.

Nanga anafundisha vijana kusuka kamba, akiwa ameketi. Fidia ikija, anataka kufungua karakana yake. Somo lake la kwanza halihusu kamba: "Ukiumia, mtaje aliyekutuma, hata akiwa shemeji yako."

Mpokea kamba yule bado yuko kazini. Bado anachelewa.