Asubuhi Isiyo na Moshi

Juzi hapa nyumbani Lipangalala nilikuwa naosha mchele uani, nikaona sisimizi wanapanda ukutani, kila mmoja na yai lake jeupe. Sufuria ilinitoka mkononi. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Bibi anaua nyoka kwa mwiko, sisimizi wanamkimbiza!"

Nikamwambia afunge mdomo aokote mchele. Yeye sikumweleza. Wewe nitakueleza, maana wewe ni wa rika langu. Na usishangae kusikia nina mjukuu; shule yangu iliishia darasa la nne, na kuolewa hakukuchelewa.

Miaka ya tisini mwanzoni tulikaa mlimani, juu ya Mngeta. Ukitoka nje asubuhi unaliona bonde lote chini yako. Huko juu tulilima magimbi na maharage, lakini mpunga wetu ulikuwa bondeni. Ukianza kutoa masuke, mama alishuka na mdogo wangu mgongoni, akakaa huko wiki nzima kwenye dungu, kile kibanda cha miti juu ya nguzo, anaamia ndege kwa kelele na kombeo. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, mbali. Nyumbani tulibaki mimi na bibi yangu, mama yake baba.

Magoti ya bibi yalikuwa yamechoka, hawezi tena kushuka kijitoni. Basi macho yake yalikuwa mimi. Kila asubuhi nikirudi na ndoo ananikuta mlangoni na rozari yake: "Umeona nini?" Namtajia: ndege wale hondohondo wamepita upande gani, vyura wamelia au wamenyamaza, maji yana rangi gani, sisimizi wanafanya nini. Anasikiliza, anamaliza fungu lake la rozari, halafu anaamua. Kama mvua mbaya inakuja, tunakwenda kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, tunawasha moto na kuufunika kwa majani mabichi. Moshi mzito unapanda. Mama akiuona kutoka bondeni, anafunga mzigo na kurudi juu. Tena si mama peke yake. Madungu yote ya upande ule yalitazama jiwe letu.

Bibi hakuona kosa hapo. Alisema Mungu anajua kwamba yeye hakusoma, kwa hiyo hamwandikii, anamtumia wadudu.

Kwaresima moja nilikuwa na miaka kumi, niko kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Mwalimu wetu wa dini alikuwa mkali, fimbo yake ya mpera haikukauka. Siku moja akatuambia kuwa anayetazama ndege na wadudu ili ajue ya kesho hana tofauti na mpiga ramli, na mpiga ramli akipokea Mwili wa Bwana, ulimi wake utaungua. Alitutazama wote, mimi nikaona ananitazama mimi tu. Nilirudi nyumbani nimeubana ulimi kwa meno.

Jumatatu baada ya Matawi nilishuka kijitoni. Kwetu hakujanyesha, lakini maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Vyura kimya. Na sisimizi wanaupanda mti wa kando, mstari mrefu, mayai mdomoni. Nikafumba macho, kana kwamba mtu anaweza kuacha kuona baada ya kuona.

"Umeona nini?" bibi akauliza.

"Sijaona kitu, Bibi."

"Sisimizi?"

"Hawapo."

Akanitazama kidogo. "Basi mama yako akae."

Siku ile nilichimba magimbi huku natazama bonde kuliko jembe. Nusura nijikate mguu. Saa sita milima ya upande wa juu ikawa myeusi. Alasiri mto wa bondeni ulikuwa umeshatoka njiani mwake, maji yanang'aa katikati ya mpunga. Nikaanguka miguuni kwa bibi, nikamwambia yote. Hakunipiga. Alikwenda kwenye jiwe kwa magoti na mikono. Tuliwasha moto, lakini mvua nayo ikatufikia, moshi ukalala chini, ukakataa kupanda. Tukarudi jikoni, akachoma tawi lililobarikiwa Jumapili ili dhoruba itulie, mimi nimeshika pindo la kanga yake.

Siku mbili ukungu ulifunika bonde, hatukuona hata mti. Vyura sasa walilia kwa furaha mchana kutwa, na mimi sijui mama yangu yuko wapi. Mpaka leo sauti ile siipendi.

Alhamisi Kuu mama akafika. Wavuvi walimtoa kwa mtumbwi juu ya paa la dungu, mdogo wangu anachemka homa lakini mzima. Mpunga umekwenda. Akakaa chini hata kanga iliyolowa hajavua, akasema, "Mzee wa dungu la pili hakupatikana. Alitaka kupanda mlimani tangu asubuhi ile, Mama. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia tazama jiwe, hakuna moshi, unakimbia nini?"

Bibi akajibu haraka: "Ni macho yangu. Yamezeeka, hayakuona."

Baadaye jikoni akaniuliza, "Ulimwogopa nani?"

"Mwalimu wa dini."

"Kuliko maji?"

"Ndiyo."

"Basi. Neno hili litabaki humu jikoni."

Kabla ya Pasaka niliungama. Nilisema nimetazama sisimizi. Padre alicheka, akasema hata yeye hutazama mawingu kabla ya kuanika nguo, akanipa Salamu Maria tatu. Uongo wangu sikuutaja. Nikapokea komunyo nimevaa gauni jeupe la kuazima, na ulimi haukuungua. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Baada ya hapo hakuna aliyetazama tena jiwe letu. Walisema bibi amezeeka. Naye hakuniuliza tena nimeona nini. Alipokea ndoo tu. Alikufa na lawama ile. Mwaka jana nilipanda kule, nyumba haipo, jiwe limeota kuvu. Nikalipangusa kwa kiganja nitafute masizi. Kiganja kikatoka bila weusi wowote. Siku hizi watu wanatazama mvua kwenye simu, na hondohondo mjukuu wangu hamjui.

Mama yangu bado yupo, naishi naye hapa. Kila Pasaka anamwashia mshumaa mzee yule na kumwomba msamaha. Miaka yote hii ninamtazama akiwasha, nami nimenyamaza.

Juzi, sufuria ilipoanguka, alisikia kutoka ndani. Macho yake hayaoni vizuri sasa.

"Umeona nini huko?" akauliza.

Nikamtuma mjukuu dukani. Nikachukua kigoda, nikaingia ndani, nikakaa karibu yake.

"Sisimizi, Mama," nikamwambia. "Wamebeba mayai. Hata siku ile niliwaona."