Tulimlilia Mjomba Akiwa Hai

Mwaka jana, nchi yetu ya Katanga ikiwa na umri mdogo kuliko kaptula yangu, mjomba alinipa viatu vyake vya Jumapili. Vyeusi, vya ngozi, vinang'aa kuliko kipara cha mwalimu wetu wa hesabu. Sikuuliza kwa nini. Nani anauliza?

Mjomba alikuwa dereva wa lori la samaki, Kilwa yetu ya ziwani na kurudi. Safari moja alikuta vita njiani. Kijana wake wa kupakia aliuawa pembeni yake, na mjomba ndiye aliyeupeleka mwili kwa mama wa kijana. Tangu hapo alikaa kwetu Kasungami, hapati usingizi, anakodolea ukuta macho kana kwamba una redio ndani. Kisha akaanza kugawa vitu: baiskeli kwa baba, wembe kwa jirani, viatu kwangu.

Mama alifurahi. "Roho Mutakatifu amemugusa."

Mimi nilimwomba huyo Roho amguse tena, maana mjomba alibaki na saa.

Nikaenda kuringa kwa nkambo, bibi wa nyumba ya tatu. Ukoo wake na wa mjomba ni banungwe: wana haki ya kutukanana popote, hata kilioni. Ukifa, munungwe wako anakuja kukucheka, na hakuna wa kumkasirikia.

"Hibi biatu, nani alikupa?"

"Mujomba. Miguu yake imechukua pansheni."

Yeye anayecheka makaburini hakucheka. Alikaza kikwembe kiunoni, akaja moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu, akajitupa chini:

"Kilio! Amekufa, mwenye meno ya panya! Mwenye kukoroma kama lori yake!"

Mjomba akatoka mbio. "Nkambo, miye niko muzima!"

"Uko muzima, na unagawanya bintu kama mufu? Sema hapa, mbele ya dada yako. Unataka kufa?"

"Ndiyo," mjomba akasema.

Mwiko ulimponyoka mama.

Nkambo aliketi, sauti imeshuka. Ndugu yake kule Rodezia alirudi kutoka vita ya Wazungu na macho hayo hayo. Naye aligawa koti, viatu, kila kitu. "Vita iko moja, huku na kule. Na siye tulisema aksanti, tukavaa. Alijiua, siye tuko tunavaa."

Hakuna aliyehubiri. Nkambo alimvuta mjomba akae karibu naye. "Huyo kijana wako, alikuwa anapenda kula nini?"

Mjomba akaanza kueleza. Alilia mpaka jioni, na katikati akacheka mara moja. Nilivua viatu, nikaviweka miguuni pake.

"Binanibana," nikasema. Uongo mtupu. Nilikuwa nalala navyo.

Siku mbaya bado zipo. Siku hizo hatumwachi peke yake, na nkambo anakuja kumtukana vizuri. Nami, mjomba akinipa chochote, napiga kelele mtaa mzima usikie: "Nkambo! Anaanza tena kugawanya!"

Juzi mjomba alinirushia kipande cha kiazi, akaniwahi kabla sijapiga kelele.

"Kula, we mupumbafu. Miye nimeshiba."