Orodha ya Marika

Niliipiga orodha ile kwa taipu Jumamosi asubuhi, kwenye meza ya mama, nikiwa nimesukuma kando sinia ya maharage. Mashine ilikuwa ya kanisa. Mimi peke yangu kijijini ndiye niliyesomea kazi hiyo, mwaka mzima mjini Kitale, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mbolea, wasichana tukigonga kwa pamoja kama mvua ya mawe juu ya mabati. Nilirudi kwetu, mlimani juu ya Kimilili, nikiwa na cheti na hamu ya kuandika. Niliamini kwamba neno lililopigwa taipu ni kweli kuliko neno lililosemwa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Upande wa juu wa mlima nyumba zilikuwa zimechomwa, na watu walikuwa wakiteremka na magodoro vichwani. Kisha redio ikaanza kuzungumza juu ya wapiganaji waliojificha msituni, wanaotaka kuipindua serikali. Sisi hatukuwahi kuwaona. Tulichoona ni moshi.

Chifu akaitisha baraza. Alisema serikali haiwezi kuweka askari kwenye kila mlango, kwa hiyo raia mwema ajilinde na amlinde jirani. Vijana wafanye doria. Lakini waandikwe majina, ili askari wakikutana nao njiani wajue kwamba hawa ni watu wa serikali. Baba yangu, aliyekuwa karani wa parokia kwa miaka mingi, alisimama.

"Chifu, mambo bila maandishi ni kelele tu," alisema. "Binti yangu ataandika."

Watu walipiga makofi. Nilijivuna hadi masikio yakapata moto.

Wazee ndio waliosema majina yapangwe kwa marika. Kwetu vijana waliotahiriwa msimu mmoja ni rika moja, na hukaa hivyo mpaka kaburini. Hulima pamoja, hubeba maiti pamoja, na yule aliyetangulia mbele ya kisu siku ile bila kupepesa jicho ndiye kiongozi wao. Nani angewapanga vingine? Majina yenyewe yalifanana, wengi wakiwa wamerithi ya babu zao. Ukitaja rika, kila mtu anamjua unayemsema.

Kaka yangu alikuwa kiongozi wa rika lake. Nilipokuwa nikipiga taipu alisimama nyuma yangu akimenya muwa kwa meno.

"Niweke juu kabisa, dada."

"Uko juu. Tulia."

"Na uandike 'kiongozi'. Hata wasichana wa soko wasome."

"Ati wasichana wa soko wanasoma barua za chifu?"

"Si utawasomea wewe, bana!"

Mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Wewe kiongozi! Maji ya ng'ombe iko wapi?"

Nikaandika "kiongozi" mbele ya jina lake, nikapiga mstari chini yake, kisha nikafanya hivyo kwa wale viongozi wengine watatu ili asionekane amependelewa. Marika manne, kila moja na nafasi yake kwenye karatasi. Nilikuwa nimeweka karatasi za kaboni, zikatoka nakala tatu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Walifanya doria wiki tatu. Walichokamata ni ndama mmoja aliyepotea, wakamrudisha kwa mjane aliyekuwa akimlilia.

Kisha likaja tangazo: vijana wote wa doria wafike uwanja wa shule siku ya soko wapewe tochi na makoti ya mvua. Kaka aliacha nyumbani koti lake lililotoboka viwiko, akasema hana haja nalo tena. Sisi wengine tulifuata kutazama, kama watu wanavyokwenda kutazama michezo.

Malori yalikuwa nyuma ya madarasa. Afisa mmoja mrefu alikuwa ameshika karatasi yangu. Aliwaambia vijana wasimame kama walivyoandikwa. Hawakuhitaji kusukumwa. Walijipanga kwa marika kwa dakika moja, kila kiongozi mbele, vifua wazi, wakitaniana. Nilimwona kaka akimkanyaga mwenzake kidole makusudi.

Afisa alipita mbele yao polepole.

"Vikosi vinne," alisema. "Kila kikosi na kamanda wake. Mlidhani sisi ni wajinga?"

Baba akasogea. "Afande, hayo ni marika. Walitahiriwa pamoja."

Askari wengine walicheka. Afisa hakucheka. "Mzee, mimi nimezunguka nchi hii. Raia hawajipangi hivi."

"Muulize chifu," baba akasema.

Chifu alitazama viatu vyake.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi," baba akajibu haraka, kabla sijafungua mdomo. Ukweli ni kwamba sikuwa naufungua. Nilikuwa nimeshika kanga ya mama kwa mikono yote miwili.

Afisa aliitazama karatasi tena. "Kazi safi," alisema.

Waliwapakia vijana wote kwenye malori. Wengi walirudi baada ya mwezi, wakitembea kama wazee, na hawakutaka kuulizwa. Viongozi wanne hawakurudi.

Chifu alituambia yeye alipeleka karatasi tu. Polisi wa Kitale walituambia tuulize Bungoma. Shuleni tulikuwa tumefundishwa wajibu wa raia tukaukariri: kutii sheria, kudumisha amani, kushirikiana na viongozi. Tulifanya yote hayo kwa mpigo mmoja, kwa moyo mweupe. Wajibu wa yule anayepokea karatasi haukuwa kwenye kitabu.

Bungoma tulikwenda mama na mimi. Baba hakuwa anatoka tena nyumbani. Askari wa kaunta alikuwa kijana mpole, akamtafutia mama kiti. Kisha akafungua kitabu kikubwa.

"Mama, andikeni hapa. Jina la mnayemtafuta, la baba yake, kijiji. Halafu nyinyi mliokuja, na nambari za vitambulisho."

"Jina lake mnalo," mama akasema.

"Labda huko kwingine. Hapa hatuna. Bila jina tutamtafuta vipi, mama?"

Alisema kweli, na hakuwa mtu mbaya. Nilichukua kalamu. Nilikuwa nimeandika herufi ya kwanza ya ukoo wetu wakati mama alipoweka kiganja chake juu ya ukurasa. Mkono wake ulikuwa mkavu na mzito.

"Mama," nikanong'ona, "tusipoandika hawatamtafuta."

"Na tukiandika?"

Aliichukua kalamu kutoka vidoleni mwangu, akaiweka juu ya kaunta taratibu, kama mgeni anayerudisha kikombe.

"Samahani, kijana wangu," alimwambia askari. "Tumekosea mahali."

Akatoka. Ningeweza kubaki. Nilikuwa na kitambulisho mfukoni, nilijua kuandika, na ukurasa ulikuwa wazi mbele yangu. Nilimfuata.

Hatukwenda kuuliza tena popote. Hadi leo hakuna kitabu cha serikali kinachoonyesha kwamba kaka yangu aliwahi kutafutwa na mtu.